Ruzuku Ilikwisha, Hesabu Zikabaki Kijijini

Watu wakisikia asasi ya kijijini imepata ruzuku, swali lao la kwanza huwa ni shilingi ngapi. Mimi ni mweka hazina wa asasi ndogo mkoani Lindi, na swali hilo nimeulizwa barazani, ndani ya basi, hata msibani. Silidharau, maana fedha ina kazi yake. Lakini katika yote tuliyopewa na taasisi zilizotufadhili, kilichotufaa kuliko vyote ni kutakiwa kuionesha kazi yetu, kwanza kwa wanakijiji wenyewe na baadaye kwa watu wa mbali, na ioneshwe na walioifanya kwa mikono yao. Nasimulia jinsi ilivyokuwa kwa sababu vijana wengi wanaoanzisha asasi siku hizi hunijia kuomba msaada wa andiko la mradi, na nikiwagusia habari ya kuonesha kazi huona ni jambo la mwisho, la kufanywa muda ukibaki.

Asasi yetu haikuzaliwa kwa ajili ya ruzuku. Tulikuwa walimu kadhaa, wengine wastaafu, pamoja na kina mama wakulima wa ufuta na korosho. Msimu wa mauzo ukifika tulichangishana ili watoto waliofiwa na wazazi wapate sare na madaftari. Mapema mwaka 2016 mambo yakabadilika. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulikuwa umefuta ada na michango shuleni, na Januari ile darasa la kwanza katika shule yetu lilifurika mpaka watoto wengine wakakaa sakafuni hadi mlangoni. Waliokuwa wakibaki nyumbani kulea wadogo zao au kuwinga ndege shambani wakaletwa shule. Ilikuwa furaha ya kweli, na mimi niliyefundisha miaka mingi nilitokwa machozi kuona watoto wa rika tofauti wakianza pamoja. Hazikupita wiki nyingi, manung'uniko yakaanza. Tumeambiwa serikali inaleta fedha kila mwezi, mbona chaki zinakwisha? Mbona mitihani inaandikwa ubaoni? Macho yakamgeukia mwalimu mkuu, ambaye mwaka uleule alikuwa amenunua pikipiki.

Hapo ndipo tulipoandika kuomba ruzuku kwa Foundation for Civil Society. Kwa asiyeifahamu, taasisi hii ilisajiliwa mwaka 2002 na ikaanza kazi Januari 2003. Yenyewe haijengi madarasa wala haichimbi visima. Hupokea fedha za wafadhili, ambazo kwa miaka mingi nyingi zilikuwa za serikali za nchi za Ulaya, ikazigawa kama ruzuku kwa asasi za kiraia za Bara na Visiwani, na kuzifundisha asasi hizo namna ya kufanya kazi. Kwa miaka mingi moja ya mambo iliyoyafadhili ni ufuatiliaji wa matumizi ya fedha za umma, ule ambao vijijini kila mtu anauita PETS. Wananchi huchagua kamati yao, kamati hufundishwa kusoma bajeti na leja, kisha inakwenda shuleni, zahanati au kwenye mradi wa maji kuangalia kilichotumwa, kilichofika na kilichofanyika.

Kabla ya fedha yoyote kulikuwa na mafunzo ya kusimamia ruzuku. Tulikaa ukumbini na asasi nyingine za kusini, kila moja na mweka hazina wake na daftari lake. Madaftari yenyewe yalikuwa ya shule, yenye picha ya twiga kwenye jalada, na mapato na matumizi yameandikwa ukurasa mmoja kwa kalamu za rangi tofauti. Mwezeshaji hakumcheka mtu. Alianza na daftari lililokuwa mbele yake, akalipitia mstari kwa mstari, akiuliza tu: hii nani aliidhinisha, hii nani alipokea, na kama wewe hupo leo, mwenzako angejuaje? Tukajifunza kwamba hundi haitoki bila saini mbili, kwamba anayeidhinisha malipo asiwe yeye anayelipa, na kwamba mama muuza maandazi asiye na kitabu cha stakabadhi huandikiwa hati ya malipo akatia saini au dole gumba. Mambo madogo, lakini niliporudi kijijini nilihisi nimepewa kitu ambacho hakuna mtu angeweza kuninyang'anya. Nikianza kuandika hesabu leo, naandika kwa ajili ya mtu atakayeisoma mimi sipo.

Kwenye mafunzo hayohayo tulisikia habari ya Uganda ambayo sijaiacha tangu siku ile. Watafiti walifuatilia fedha zilizotengwa na serikali kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, mbali na mishahara ya walimu, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Serikali ya Uganda ikaamua kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika mahali pa wazi kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya fedha ilikuwa inafika. Yapo mengine yaliyosaidia, na wachumi wanabishana kuhusu sehemu ya kila moja. Sisi tulioisikia habari ile ukumbini tuliona jambo moja: mzazi akijua kiasi kilichotumwa, maswali yake yanakuwa na anwani.

Kijijini tuliitisha mkutano mkuu, maana kamati isiyotokana na mkutano mkuu haina miguu. Sheria ya serikali za mitaa imeupa mkutano huo nguvu kubwa: kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria na kusema, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika vijiji vingi haufanyiki kwa wakati, na ukifanyika hesabu husomwa haraka, mwishoni, jua likiwa limeshazama. Wananchi wakachagua wajumbe wao. Mwenyekiti akawa mama mmoja mkulima wa ufuta, aliyeishia darasa la saba, mwenye wajukuu watatu shuleni hapo. Sisi wa asasi tulimpa mafunzo yaleyale tuliyopewa. Siku ya kwanza alisema hajui hesabu za ofisini. Mtaalamu wa hesabu za gunia na mzani, anayejua kila mwaka amekatwa kiasi gani kwenye mauzo, anasema hajui hesabu!

Kazi ilianzia kwa mwalimu mkuu, ambaye tulitarajia agome. Mwenyekiti alikwenda kwake jioni, si ofisini, akamwamkia, akaketi. Akamwambia, "Mwalimu, maneno yanayosemwa huko nje unayasikia na sisi tunayasikia. Tukifungua leja pamoja, ukiwa safi sisi ndio tutakaokusemea." Kesho yake mwalimu akaleta leja na taarifa za benki mwenyewe. Nimekaa kwenye semina nyingi za uwajibikaji, na sijamsikia mkufunzi hata mmoja akifundisha hatua hiyo ya kwenda kumkalisha mtu kitako kwanza. Pale kwetu ndiyo iliyofungua mlango.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, ile inayoitwa fedha za kapitesheni, ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya kununua vitabu, na 6,000 zilitumwa kwenye akaunti ya shule kwa mafungu ya kila mwezi. Ukigawa kwa miezi 12 unapata shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Kamati ilichukua fedha zilizoingia benki mwezi mmoja, ikagawa kwa 500, ikapata idadi ya watoto ambao fedha zao zilikuja. Kisha ikafungua daftari la mahudhurio kuhesabu watoto waliopo. Idadi hizo mbili zilipishana sana. Fedha zilikuwa zikija kwa hesabu ya wanafunzi wa mwaka uliotangulia, kabla darasa la kwanza halijafurika. Mwalimu hakuwa amekula kitu. Kila senti iliyoingia ilikuwa na stakabadhi yake, na chaki za miezi miwili alikuwa amezinunua kwa mshahara wake.

Tungeweza kuandika ripoti tukaituma Dar es Salaam, na kwa mujibu wa mkataba tungekuwa tumemaliza. Mwenyekiti akasema hapana, kilichosemwa hadharani kinasafishwa hadharani. Jioni ya kuamkia mkutano mkuu, wanafunzi wa darasa la saba walikaa chini ya mwembe wakahesabu punje za mahindi kwa kufuata daftari la mahudhurio, punje moja kwa mtoto mmoja, wakazitia kwenye ungo. Kwenye ungo wa pili wakatia punje za watoto ambao fedha zao zilikuwa zimefika.

Siku ya mkutano alisimama na nyungo mbili miguuni pake na sarafu ya shilingi 500 mkononi. Akaiinua. "Hii ndiyo ya mtoto wako mmoja, mwezi mzima. Humu mna chaki, mna karatasi za mtihani, mna kitasa cha mlango kikivunjika." Akazungusha sarafu ile watu waishike, kana kwamba hawajawahi kuiona. Halafu akawaita wazee wawili wa mbele waje waziangalie nyungo na wawaambie wenzao wanaona nini. Mmoja wao, ambaye ndiye aliyekuwa akisema sana habari ya pikipiki, alitia mkono kwenye ungo uliojaa, akautia kwenye ule mwingine, akabaki amekaa kimya. Kisha akamwita mwalimu mkuu mbele ya watu wote, akamshika mkono, akamwambia, "Mwalimu, utusamehe. Pikipiki yako uipande kwa raha." Watu wakapiga makofi. Mwalimu aliondoka uwanjani akiwa mtu mwingine, na nasema hivi nikiwa nimemfahamu tangu alipohamishiwa kwetu.

Baada ya mkutano ikaandikwa barua kwenda wilayani, imesainiwa na halmashauri ya kijiji, kamati ya shule na kamati ya PETS, pamoja na orodha ya wanafunzi darasa kwa darasa. Ilichukua muda, na kuna ofisi tulizungushwa mpaka nauli ikatuishia. Hatimaye idadi ikarekebishwa. Sidai kwamba ni sisi peke yetu tuliofanya irekebishwe. Ninachojua ni kwamba siku ile afisa alipotuuliza "mna ushahidi gani?", mwenyekiti alifungua mkoba akamwekea mezani.

Afisa wa ufuatiliaji kutoka Foundation alipokuja, tulikuwa tumeandaa mafaili yote na chai. Alikagua mafaili vizuri, akanywa chai, halafu akaomba apelekwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Tulikuwa tumebandika mapato na matumizi ya mradi wetu wenyewe, pamoja na posho zetu, kwa sababu haiwezekani umdai mwalimu aweke wazi hesabu zake na zako uzifungie kabatini. Akamsimamisha mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani. Akamuuliza kama anajua hawa watu wa asasi walipata kiasi gani na wamefanyia nini. Yule mama akatua ndoo. Hakukitaja kiasi sawasawa, lakini alisimulia nyungo mbili mwanzo hadi mwisho, akataja na sarafu, akamalizia kwa kudai kwamba mkutano ujao wahesabu pia dawa za zahanati. Afisa aliandika maneno yake kwenye daftari. Mimi nikaelewa kwamba ripoti yangu ya kurasa nyingi ilikuwa imepata mtihani wake pale njiani.

Si kila taasisi hufanya hivyo. Iliwahi kuja nyingine, ambayo sitaitaja, ikatufadhili kukarabati vyoo vya shule. Vyoo vilijengwa na vinatumika mpaka leo, na ninawashukuru. Lakini siku ya makabidhiano alikuja mpiga picha, akawaondoa watoto waliovaa sare zao nzuri za siku ya sherehe, akachagua wawili wasio na viatu, akawasimamisha kwenye choo cha zamani kilichobomoka. Picha ile ikachapishwa kwenye kalenda. Kalenda ilipofika kijijini, baba wa mtoto mmoja alikuja kwangu ameishika, anatetemeka. Viatu mwanawe alikuwa navyo. Alivivua asivichafue kwa tope la ujenzi. Akaniuliza atamwambia nini mtoto wake akikua akaiona picha hiyo. Ukutani kikabandikwa pia kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili, hata neno moja la wananchi hakuna, na hali msingi uliochimbwa, mchanga na kokoto zilizosombwa, na maji ya kujengea yaliyobebwa kichwani na kina mama kutoka mtoni, vyote vilikuwa nguvu za wananchi. Tulikaa na mwenyekiti wa kijiji tukazipigia hesabu nguvu hizo kwa bei ya kibarua wa kawaida. Zilikuwa sehemu kubwa ya gharama. Tangu hapo kila andiko tunaloandika lina mstari wa mchango wa wananchi kwa shilingi, na kila kibao kinachowekwa lazima kiutaje. Mfadhili mmoja tu ndiye aliyewahi kuona tatizo katika hilo. Wengine walifurahi.

Nilipata pia bahati ya kwenda Kenya, kwenye ziara ya kujifunza, katika kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale. Huko kuna Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni unaolinda hekta 117 za mikoko. Mikoko huhifadhi hewa ya ukaa kwa wingi, hasa kwenye tope lake, na tangu mwaka 2013 wanakijiji huuza hati zinazothibitisha kiasi cha hewa hiyo kilichohifadhiwa kwa watu na kampuni za nje. Linalowasaidia kuziuza ni shirika dogo la hisani la Scotland liitwalo ACES, na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, wanasaidia kupima miti. Mwaka 2017 mradi ulipewa Tuzo ya Equator na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wageni wa nchi nyingi hupita pale, na kina mama wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, mgeni analipa kiingilio na chakula anauziwa, wali wa nazi na samaki wa hapohapo.

Kilichonivutia si tuzo. Fedha za hati zikifika, matumizi yake huamuliwa na wanakijiji wenyewe, nao wamezielekeza kwenye maji ya bomba na mahitaji ya shule. Mzee mmoja aliyetutembeza alionesha bomba, akaonesha shule, halafu akatuonesha mikoko, kwa mpangilio huohuo. Nilimuuliza kwa nini hakuanzia kwenye mikoko. "Wewe mwenzangu ni mtu wa pwani, mikoko unaijua," aliniambia. "Nilitaka uione kwanza inatulipa nini." Kwetu Lindi na Kilwa mikoko ipo tele, na mingi inakatwa kwa ajili ya nguzo na kuni. Nilirudi na picha za bomba lile na nimezionesha katika vijiji kadhaa vya ufukweni. Mazungumzo yanaanza vizuri zaidi kuliko ukianza na hotuba ya kukataza watu kukata miti.

Sasa niingie kwenye habari ya Dodoma, maana ndiko nilikoelewa maana kamili ya maonesho. Tangu mwaka 2018 kuna Wiki ya AZAKI, yaani asasi za kiraia, ambayo Foundation huiratibu pamoja na asasi nyingine. Asasi za nchi nzima hukutana na watu wa serikali, wabunge, wafadhili na kampuni binafsi, kuna midahalo na kuna mabanda ya maonesho. Mwaka 2019 ilifanyika Dodoma na sisi tukapata nafasi kwenye banda. Nafasi zilikuwa chache na wenzangu waliona niende mimi na katibu, kwa kuwa tumezoea kuzungumza na wakubwa. Nilisema katibu abaki, aende mwenyekiti wa kamati. Wengine walikunja uso. Aliyehesabu ndiye aoneshe, basi.

Alisafiri na nyungo zake mbili amezifunga kwenye kanga. Tulilala Dar es Salaam, alfajiri tukapanda basi Ubungo, na njia nzima ukanda wa Morogoro na Gairo alikuwa akiniuliza kila tulipopita wanalima nini. Tulipofika bandani, majirani zetu walikuwa na mabango makubwa yaliyochapishwa, ya rangi, na vipeperushi vya karatasi inayong'aa. Sisi tulikuwa na karatasi za bango kitita zilizoandikwa kwa mkono, nyungo, mfuko wa mahindi na sarafu. Nilimwona anaangalia huku na huku. Kisha akatandika kanga mezani, akapanga vitu vyake, akavuta kiti.

Siku ya pili alikuja bwana mmoja kijana, amevaa beji ya wizara. Alimwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu." Akasoma bango kitita, akauliza kwa upole lakini kama mtu asiyeamini: takwimu hizi mlizipata wapi? Mwenyekiti hakujibu. Alimsogezea ungo akamwambia, "Hesabu, mwanangu." Kijana akacheka, akadhani ni utani. Akaona mama hacheki. Akaweka simu mfukoni akaanza kuhesabu punje, watu wakaanza kukusanyika. Alipochoka mwenyekiti akampa karatasi ya taarifa ya benki na kalamu, akamwambia agawanye kwa 500. Aligawanya mara mbili. Akauliza, "Na mwalimu mkuu wenu hakukasirika?" Mama akamjibu, "Leja alileta mwenyewe. Sisi tulimwendea nyumbani." Yule kijana alikaa pale muda mrefu, akauliza habari za shule nyingine za kata yetu, akaomba nakala ya fomu ambayo kamati hutumia. Kama ningesimama mimi na katibu, tungempa kipeperushi akapita.

Tulichopata kwa majirani wa mabanda kilikuwa kikubwa vilevile. Banda la pili lilikuwa la asasi ya watu wenye ulemavu. Mmoja wao, anayetumia kiti cha magurudumu, alitazama picha ya ubao wetu wa matangazo akauliza urefu wake kutoka chini. Akasema, "Mimi nikija kijijini kwenu sitasoma hata mstari wa kwanza." Mwenzake asiyeona akaongeza, "Na mimi je?" Tuliporudi ubao ukashushwa, na tangu wakati huo hesabu zinasomwa kwa sauti kila Ijumaa baada ya swala, nje ya msikiti, na Jumapili kanisani. Wazee wengi wasiojua kusoma, ambao hawakuwahi kulalamika, ndio sasa wanaouliza maswali makali zaidi.

Kuna jambo moja nawaomba wanaosimamia ruzuku, na naliomba kwa moyo wote. Angalieni kalenda ya mkulima. Tumewahi kupata fungu la pili kutoka kwa mfadhili mmoja wakati ambapo kila mtu yuko shambani, na mkataba unataka mikutano ya hadhara ikamilike ndani ya robo hiyo. Mikutano ikafanywa na watu wachache, wengi wao waliokuja kwa sababu ya posho, wakasaini fomu ya mahudhurio wakaondoka. Kwetu mkutano unaojaa ni wa baada ya mauzo ya ufuta, kati ya Julai na Septemba, kabla korosho hazijaanza kuanguka. Mfadhili akituuliza hilo mapema, mkutano haugharimu hata chupa ya maji, watu wanakuja na maswali yao.

Ruzuku ile ya kufuatilia fedha za shule ilikwisha muda wake. Kamati haikuvunjika, kwa sababu ilikuwa ya mkutano mkuu tangu mwanzo, na wajumbe wake huchaguliwa upya kama wajumbe wengine. Zahanati ilihesabiwa kama yule mama wa ndoo alivyodai: dawa zilizoandikwa kwenye leja zikalinganishwa na zilizopo kwenye rafu, na kamati ya zahanati sasa hufanya hivyo yenyewe. Serikali iliporudisha mwaka 2024 mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kina mama wa kamati walikwenda wilayani kuuliza vikundi gani vya kata yetu vimeomba, vingapi vimekubaliwa na vilivyokataliwa vilikosea wapi. Waliporudi walisaidia vikundi viwili kuandika katiba upya.

Mwaka huu kijiji cha jirani kilituma watu watatu kwa mwenyekiti. Wanataka kujua fedha za mradi wao wa maji, ambao mita imefungwa na kila ndoo inalipiwa lakini bomba likiharibika wanaambiwa akaunti haina kitu. Aliwauliza kama mkutano mkuu wao umewatuma. Wakasema bado. Akawarudisha wakaitishe kwanza, kisha waje na muhtasari uliosainiwa, na wamtafute mtunza fedha wa jumuiya yao ya maji nyumbani kwake kabla ya siku hiyo. Nauli ya bodaboda ya kamati kwenda huko imechangwa na wanakijiji wenyewe. Mkutano wao umepangwa baada ya mnada wa kwanza wa ufuta, na mwenyekiti ameshaniagiza nimtafutie mfuko mwingine wa mahindi, kwa kuwa ndoo za mwezi mzima ni nyingi kuliko watoto wa shule.